Wasaidizi Thelathini na Mmoja

Malaba,
10 Februari 2025

Mpendwa Papa,

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu yako. Wazee wenzako hapa Malaba wana simu mbili mbili, wewe uliifungia yako kwenye debe la maharagwe siku mheshimiwa mbunge wetu alipokutumia ujumbe wa heri ya kuzaliwa kwa majina yako yote matatu. Basi Dancan wa boda atakuletea barua hii, na tafadhali usimcheleweshe kwa maswali ya dini.

Kazi nimepata. Ni mkataba wa miezi sita, afisa wa usajili katika mfumo mpya wa mpaka. Kila mfanyabiashara mdogo anayevuka na mzigo anapigwa picha ya uso, anaandikwa, na tangu siku hiyo hahitaji karatasi. Anapita mbele ya kamera, kamera inamtambua, mzigo unapimwa na kuandikwa, anaendelea na safari yake.

Papa, nataka nikueleze nilichokiona juzi. Alikuja bibi mmoja na kitambulisho cha miaka ishirini na minne iliyopita. Pichani ni msichana mwembamba aliyesuka nywele. Mbele yangu amesimama mama mnene, meno mawili ya mbele hana, kitambaa kichwani. Mimi ningemrudisha. Kamera ilimtazama muda wa kuvuta pumzi moja tu, ikaandika jina lake. Akaniuliza, "Imenijua?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Hata bwana yangu angesita."

Nilikaa pale nikisahau kumwita mtu wa pili. Umenifundisha kutoamini kila kitu kinachong'aa, lakini hiki kitu hakiulizi wewe ni mtu wa nani. Hakina kabila, hakina binamu wa kupitisha mbele ya foleni. Nimeona haki ikifanya kazi kwa macho yangu, na nimeogopa kidogo kwa furaha.

Binti yako,
Anjeline


Moding,
16 Februari 2025

Anjeline mwanangu,

Hongera. Dancan nilimpa uji na swali moja tu, na hakulijua jibu.

Umefurahi na mimi nimefurahi kwa sababu yako. Lakini ulilelewa na mwalimu, kwa hiyo vumilia. Nilipokuwa nafundisha darasa la nane nilikuwa na mwanafunzi anaitwa Emong. Kichwa cha Emong kilikuwa hatari. Siku ya mtihani penseli yake ilivunjika, akaona aibu kuomba nyingine, akajaza karatasi nzima kwa kalamu ya wino. Mashine iliyosahihisha ilisoma penseli tu. Emong akapata sifuri katika hesabu, yeye aliyekuwa akinisahihisha mimi ubaoni. Nilikwenda mpaka kwa wakubwa. Kila ofisi walinijibu kwa upole kwamba mashine haikukosea. Na kweli haikukosea. Leo Emong anauza vitunguu Kocholia, na kila ninaponunua ananirudishia chenji kabla sijamaliza kuhesabu.

Sisemi kitu chako ni kibaya. Nauliza tu: siku kikiona jambo la ajabu, nani atakiuliza?

Mtazame shangazi yako Petronilla hapo Malaba. Miaka ishirini na miwili anavuka kwenda kuuza njugu na simsim kwenye kibanda chake upande wa Uganda, na ndiye aliyekulea wewe wakati mama yako yuko hospitali. Wewe unamwita shangazi lakini ulimwita mama kwanza. Mrahisishie mambo ya hiyo kamera.

Papa yako,
Hesbon Emojong


Malaba,
2 Machi 2025

Mpendwa Papa,

Umeuliza nani atakiuliza. Sikia hili. Jumatano alikuja tajiri mmoja na gari kubwa jeupe, akitaka dereva wake apitishwe bila kupimwa. Askari alikuwa ameshainua kizuizi. Kamera ikakataa. Taa ikabaki nyekundu, kizuizi kikashuka chenyewe, na yule bwana alisimama juani dakika arobaini nyuma ya mama mwenye kuku watatu. Akina mama wa foleni hawakucheka. Walimwangalia tu, na mimi nikamwangalia nao, maana sijawahi kuona kitu kama hicho tangu nizaliwe.

Shangazi nimemsajili, yeye na kikundi chake chote, akina mama thelathini na wawili pamoja naye. Ilikuwa siku yangu ya mwisho Malaba, foleni imefika mpaka kwa malori, wengine hawakuja na vitambulisho, jua linazama. Nikapata njia ya haraka na wote wakaingia. Shangazi alinipa njugu za kutosha mwezi mzima.

Kesho nahamia Busia, ofisi ya kumbukumbu. Huko nitaona mpaka wote kwenye kioo kimoja. Wanasema kila anayevuka ni nukta, na nukta hazilali.

Binti yako,
Anjeline


Moding,
27 Aprili 2025

Anjeline,

Hii siyo barua ya salamu. Shangazi yako amefungiwa mpaka.

Alhamisi alifika mbele ya kamera na gunia lake, taa ikawa nyekundu. Akarudi nyuma, akapita tena, nyekundu. Askari akamwonyesha maandishi: Petronilla Alupo anashukiwa kuwa mfanyabiashara mkubwa anayejificha katika nafasi ya wadogo. Mzigo ukazuiwa. Tarehe 22 Mei ataitwa mbele ya kamati ya watu watatu. Akipatikana na hatia hatavuka na mzigo tena maisha yake, na faili huenda ikapelekwa kortini.

Nilimsomea karatasi waliyompa. Inasema amevuka mara sitini na nne kwa siku. Inasema kwa siku moja amebeba tani mbili na nusu. Mwanamke wa miaka hamsini na minane, goti moja bovu, mzigo kichwani. Mashine iliona hivyo na haikushangaa. Na watu wanaoisoma pia hawakushangaa, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Wewe uko kwenye chumba ambacho kila kitu kinaonekana. Fungua jina lake uone kuna nini. Sikuombi upendeleo, naomba uangalie tu.

Papa yako


Busia,
3 Mei 2025

Mpendwa Papa,

Pole sana, na mpe shangazi pole.

Nimeuliza. Hapa hatuna ruhusa kufungua jina la mtu wa ukoo, ni kanuni ya kazi. Kamati itaangalia kila kitu, na kama hakuna kosa itaonekana. Pengine kuna mambo ambayo hatuyajui. Mfumo huu una hesabu ndefu na mimi ni mdogo ndani yake. Tusubiri tarehe.

Mvua imeanza huku. Natumaini mihogo imeshika.

Anjeline


Moding,
12 Mei 2025

Anjeline,

Mihogo imeshika. Sikuulizwa habari ya mihogo na mtu yeyote isipokuwa wewe, na nimekusoma miaka ishirini na sita. Ulipovunja mtungi wa mama yako uliniuliza pia habari za shamba.

Nakueleza yaliyopita huku. Jumapili mheshimiwa alikuja Malaba na vipaza sauti. Alimsimamisha shangazi yako juu ya jukwaa, akamshika mkono, akasema mashine hii imeletwa kuwamaliza watu wetu na yeye atalala barabarani mpaka iondoke. Watu walipiga makofi. Nikaomba nafasi ya kusema. Nikamuuliza kama si yeye aliyekata utepe wa mashine hiyo hiyo mwezi wa kwanza. Akacheka, akasema mwalimu ni mtani wake. Baada ya hapo vipaza sauti viliharibika. Akaondoka kabla ya chakula, na barabarani hakuna aliyelala.

Lakini lililonitesa si hilo. Jioni ile ile nilimwambia Petronilla tutafute wakili. Akakataa. Akasema siku ya kamati atakiri kosa, yaishe. Nikamwambia huwezi kukiri tani mbili na nusu. Akanijibu, "Kaka, achana na hii kitu," akaingia jikoni. Dada yangu hajawahi kuacha kitu tangu tukiwa watoto. Mtu wa namna hiyo anapokubali uongo, kuna mtu anamfichia.

Nimemaliza.

Papa yako


Busia,
15 Mei 2025

Shangazi yangu mpendwa,

Sikuweza kukupigia simu, ningelia kabla ya salamu.

Ni mimi. Siku ile ya foleni, fomu ilitaka kila mama aandikwe peke yake, kitambulisho chake, namba yake. Nusu yao hawakuwa na kitu mkononi. Chini ya fomu kuna mahali pa mfanyabiashara kuongeza wasaidizi wanaombebea, na huko uso peke yake unatosha. Tangu nikiwa mdogo nawaona mkivuka hivyo, wewe mbele na wao nyuma, askari anakuuliza wewe na anawapitisha wote. Nikaona ni sawa tu. Nikawaweka wote thelathini na mmoja kuwa wasaidizi wako. Kila gunia walilobeba wao, mashine ilikuandikia wewe.

Nilijua tangu barua ya Papa ya kwanza kuhusu kesi yako. Nilifungua jina lako ingawa hairuhusiwi, nikaona nyuso zao zote zimepangwa chini ya uso wako, nikafunga. Nimefunga hivyo kila siku. Nikisema nafutwa kazi, nisiposema unapoteza kibanda. Nimekuwa mwoga, shangazi. Nisamehe. Nitakuja mbele ya kamati.

Mtoto wako,
Anjeline


Malaba
17/5/2025

Anjeline mtoto wa ndugu yangu,

Barua imefika. Nimesoma pole pole sababu miwani yangu imevunjika mguu.

Hakuna kitu umeniambia mpya. Siku ile nilikuwa nyuma yako naangalia hiyo screen. Niliona vile unaweka wamama wote chini yangu. Mimi nikafikiria ndio system. Na nikuambie ukweli, nilipenda. Nilijiona mimi ni boss mkubwa ako na watu thelathini. Nilienda nyumbani nikipiga mluzi. Kwa hivyo hiyo makosa tulikula sisi wawili.

Sasa sikiliza vizuri. Siku ya kamati usikuje. Mimi nitaambia hao watu nilidanganya karani na karatasi ya uongo, na huyo karani simjui. Wataniambia nisivuke. Sawa. Nitauza sukuma wiki huku upande wetu, hata hapo stage ya matatu watu wanakula. Wewe ukifutwa na hiyo jina mbaya, nani atakuandika tena? Kazi umetafuta miaka tatu, nimekuona ukirudi na viatu zimeisha.

Ukikuja kusema ni wewe, nitakukana mbele ya watu. Usinijaribu. Unanijua.

Choma hii karatasi. Na ule vizuri, mara ya mwisho ulikuwa umekonda.

Ni mimi,
Petronilla Alupo


Busia,
24 Mei 2025

Mpendwa Papa,

Ulinisoma sawa. Ndani ya bahasha hii nimeweka barua yangu kwa shangazi na yake kwangu. Aliniambia niichome na sikuweza. Zisome kwanza, halafu urudi hapa.

Umemaliza? Basi nikuambie ya juzi.

Niliingia chumba cha kamati nikiwa na sare ya kazi na karatasi nne. Sikuwa nimeitwa. Shangazi alikuwa ameshakiri. Mwenyekiti alikuwa anaandika, amefurahi kwamba kesi imekuwa fupi. Nikamwomba atazame ukurasa ambao hakuna aliyeufungua. Mfumo huu unaandika kila kitu, Papa, mpaka mkono ulioandika. Kwenye kila jina la wale akina mama kulikuwa na namba yangu ya kazi, mara thelathini na moja, jioni ile ile.

Mwenyekiti alisoma, akavua miwani. Akamgeukia shangazi. "Mama, unamjua huyu afisa?"

Shangazi alinitazama kutoka viatu mpaka nywele. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu ninayempenda. Akasema, "Huyu? Simjui, boss. Ule nilidanganya alikuwa mwanaume."

Na mwenyekiti akamwamini. Niliona akitaka kumwamini, kwa sababu ilikuwa rahisi. Akasema huenda nilitumiwa na mtu kuharibu kesi. Alianza kukunja karatasi zangu.

Sikupanga nilichofanya. Nilizunguka meza, nikapiga magoti kwenye vigae mbele ya shangazi, mikono pamoja, kama tunavyomsalimia mkubwa wetu tangu tunapojifunza kutembea. Nikamsalimia kwa lugha yetu, "Yoga, shangazi." Nikabaki pale.

Hao watu watatu hawakujua wanaona nini. Lakini mama anayewapelekea chai ni wa kwetu, wa Amagoro, na aliweka sinia chini akashika mdomo. Wewe unajua. Mtoto wa ndugu yako akikupigia magoti na usimjibu, umemtoa katika ukoo wako, na hakuna mzee atakayeweza kumrudisha ila wewe. Shangazi alitazama ukuta. Midomo ilikuwa inacheza. Nilimwona akitaka kunyamaza kwa nguvu zake zote, kunitoa katika ukoo ili nibaki na kazi. Papa, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Sikuogopa kamati. Niliogopa kwamba ananipenda kiasi cha kuweza.

Halafu akasema, "Yoga, mwanangu." Kwa sauti ndogo sana. "Inuka, unachafua sketi."

Akamwambia mwenyekiti, "Huyu ni mtoto wa kaka yangu. Ukweli ni yake. Uongo ya leo ni yangu." Akanishika kichwa mbele yao, na sote wawili tukalia, na hakuna aliyetufukuza.

Jina lake linafunguliwa. Akina mama wataandikwa upya, kila mmoja peke yake. Mimi nimefutwa jana saa nane. Ripoti inasema mfumo haukukosea, aliyekosea ni afisa mmoja wa mkataba. Nimeisoma nikamkumbuka Emong wako. Hakuna aliyeandika kwa nini wiki saba watu wazima walisoma tani mbili na nusu juu ya kichwa cha mwanamke mmoja na kugeuza ukurasa. Niliandika swali hilo chini ya ripoti kabla ya kutia sahihi. Waliniambia hapo si mahali pa maswali.

Sina kazi, na naona aibu kurudi nyumbani.

Anjeline


Moding,
16 Juni 2025

Anjeline mwanangu,

Nilichelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza nione kwa macho. Ijumaa nilivaa koti langu la shule nikaenda Malaba.

Nilisimama kando ya kizuizi saa moja asubuhi. Mheshimiwa alikuwepo na mpiga picha wake, akiwaambia watu kwamba ameifunza mashine adabu. Sikumuuliza kitu. Petronilla alikuja mbele na gunia la njugu, goti likimsumbua. Alisimama, akavua kitambaa ili uso uonekane wote. Taa ikawa kijani. Kwenye kioo jina lake likatokea, Petronilla Alupo, herufi kubwa kama za ubaoni. Akavuka.

Nilidhani ndiyo mwisho, nikaanza kuvaa kofia. Kisha akaja wa pili. Jina lake likatokea pale juu, lake mwenyewe, na hakupita. Alisimama akilitazama. Askari akamwambia, "Mama, songa." Hakusonga. Mmoja baada ya mwingine walifanya hivyo, wanawake ambao kwa miaka ishirini wamevuka wakiwa watu wa Petronilla. Mmoja aliniomba nimsomee kwa sauti ahakikishe ni lake. Nikasoma. Akaniomba tena. Nikamsomea tena. Foleni ilirudi mpaka kwenye malori, na madereva waliokuwa wakipiga honi waliacha. Mimi niliyekwenda kuidharau mashine hiyo nilisimama na kofia mkononi mpaka wa mwisho alipopita. Bado siiamini. Lakini sitasema sikuona nilichokiona.

Mwanangu, miaka thelathini na minne niliwaambia watoto waseme ukweli hata ukiwagharimu. Nilisema hivyo kwa urahisi, kwa sababu mimi haukunigharimu kitu kikubwa. Dada yangu alikuwa tayari kukupoteza ili upone, na wewe ukapiga magoti ili asiweze. Nimekaa na jambo hilo wiki tatu na bado silimalizi. Nilikuwa nimekukasirikia, nakiri. Sasa nakuheshimu, na ni vigumu kidogo kwa mzee kumwandikia hivyo mtoto wake.

Nilipokuwa naondoka, afisa wa zamu aliniuliza kwa ukali natafuta nini hapo asubuhi nzima. Ni kijana wa mkataba kama ulivyokuwa wewe, amekaa kwenye kiti chako. Nikamwambia mimi ni baba yake Anjeline, yule aliyefutwa.

Alisimama. Alitoka nyuma ya kioo, akanisalimia kwa mikono miwili, mbele ya mkubwa wake, na foleni ikangoja.

Njoo nyumbani Jumamosi. Petronilla ameshanunua kuku, na barabara bado inapitika.

Papa yako,
Hesbon Emojong